Manjano ya Siku Saba

Daktari Mwenesi alichora ini nyuma ya risiti ya maabara,
akaweka uvimbe pale mishipa mikubwa inapokutana,
kama mizizi ya gugu iliyong'ang'ania ya mpunga.
"Kisu hakipiti hapa," alisema. "Nikikata, nakata na uhai wake.
Labda tuling'oe ini zima, tupandikize jingine."

Pandikiza.
Neno hilo nimelishika kwa vidole tangu darasa la tatu,
maji ya Ahero yakiwa magotini, mgongo umepinda,
miche mitatu, hatua moja nyuma,
miche mitatu, hatua moja nyuma.
Sijui kazi nyingine ambayo mtu huiendeleza kwa kurudi nyuma.

Nami nikarudi nyuma, Ogweno, hadi mwaka ule
ulipouza ekari mbili za mama bila kuniambia,
hata kwa ujumbe wa simu.
Watu walisema umenikata maini.
Nilikubali. Miaka tisa sikupita mlangoni kwako,
nikanunua sukari duka la mbali nisije nikakuona.

Sasa wananiuliza kama niko tayari kukatwa kweli.

Vipimo vimekubali. Damu yetu iliyoshindwa kusalimiana
imesalimiana ndani ya chupa, huko Kisumu, ghorofa ya pili,
mbele ya kijana wa maabara aliyekuwa akipiga miayo.

Usije ukadhani nimesamehe.
Nimekuja kwa sababu niliyaona macho yako,
manjano kama kurasa za daftari la mama la madeni,
na mimi manjano nayajua.
Mche ukihamishwa hugeuka manjano siku saba.
Mpita njia husema shamba limekufa.
Hatumjibu. Tunalinda maji yasipungue.
Siku ya nane, ncha moja ya kijani inachungulia.

Ila yako yametangulia, yamekuja kabla ya kuhamishwa.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Daktari anasema mwili wako utanibishia,
utameza vidonge maisha yako yote ili univumilie.
Nilicheka hadi pale walipodunga sindano pakauma.
Kumbe dawa ipo,
na sisi tulihangaika na vikao vya ukoo!

Anasema pia langu litamea tena,
kipande kitakachobaki kitajaza nafasi yake kabla ya mavuno.
Ekari za mama hazikumea.

Jana uliuliza, uso ukiwa ukutani,
"Nitakulipa nini, Akeyo?"
Nikajifanya natafuta chaja.

Jibu nimelipata usiku huu, wewe umelala.
Ukitoka, na ukiweza kuinama,
njoo msimu ujao ushike kamba upande ule wa mtaro.
Nikiifunga peke yangu,
mstari hupinda.