Donge la Posho

Rimu za rangi ya shaba zilining'inia Kisekka,
juu ya duka la Lubyayi, nne kwenye waya mmoja,
na jua la saa tano likapita kati ya miale yake
kama mtu anayeingia chumbani kwake mwenyewe.
Inchi kumi na nane. Midomo mipana.
Mkono wangu ulishika pochi kabla sijauambia.

"Ssebo, hizi zimevaliwa na gari la mashindano,"
alisema Lubyayi, akizipangusa kwa shati kuukuu la mtoto.
"Ukizifunga kwenye Celica yako, hata trafiki wa Natete
atakusimamisha apige picha tu."

Sikuuliza bei. Niliuliza uzito,
na hapo akajua nina ugonjwa wa zamani;
akaagiza chai.

Nilikuwa na karatasi mfukoni:
matundu matano, duara la milimita mia,
kitovu hamsini na nne nukta moja.
Nambari nilizozikariri miezi minne
katika ofisi ya kiwanda cha majani ya chai,
pembezoni mwa hesabu za watu wengine.

Fundi wangu ni Asekenye, wa Ndeeba.
Habishani na chuma.
Rimu ya shaba niliyoazimwa kwa rehani ya kitambulisho
hata hakuitazama. Alitazama gari,
akazungusha usukani hadi ukomo, kushoto, kulia,
akamtuma kijana kwa mama wa chakula
alete posho, bila maharage.
Nikadhani ana njaa.

Akafinyanga donge, akalibandika ndani ya fenda,
akafunga rimu na tairi lake, akatupakia nyuma:
mimi, kijana, na mama wa posho aliyefuata sahani yake.
Gari likainama kama ng'ombe anayepiga goti.
Tuliposhuka, donge lilikuwa bapa, limechanika katikati,
na alama ya tairi juu yake ilisomeka vizuri
kuliko mwandiko wangu.

"Hii itakula fenda," alisema. "Kwenu lami inaishia wapi?"
"Kwenye duka la saruji."
"Halafu?"
"Halafu murramu. Kilomita kumi na moja."
Akaweka vidole viwili kwenye ubavu wa tairi.
Viwili vikatosha. Hakusema zaidi.

Kisha akachutama, akasoma tarakimu nne ndogo
chini ya weusi uliong'aa kwa rangi ya viatu:
wiki ya arobaini, mwaka wa kumi na moja.
"Lingekuwa mtoto," alisema,
"lingekuwa limeshafanya mtihani wa darasa la saba.
Na lingeshindwa."

Kwa hiyo ni kumi na saba. Kijivu.
Kijivu cha sufuria ya shule ya bweni.
Matairi mapya, bado yana vinyweleo vya mpira,
ubavu wa vidole vinne, bei ya ndama wawili.
Tundu la rimu lilikuwa pana kuliko kitovu cha gari,
Asekenye akanipeleka Katwe kwa mkereza vyuma
anichongee pete nne za alumini.
"Rimu hubebwa na kitovu," alisema akipuliza vumbi,
"boliti ni mashahidi tu.
Bila pete, ndoa itatetemeka ukifika themanini."

Mvua ilinikuta baada ya Mityana.
Maji yalilala barabarani, malori yakayainua kama shuka,
na gari likapita katikati bila kunung'unika,
usukani mwepesi, mstari mmoja,
nami nikajikuta nimezima redio
ili nisikie matairi yakinyamaza.
Kwenye duka la saruji nikapunguza mwendo.
Kilomita kumi na moja, mashimo yote yale ninayoyajua kwa majina,
na fenda haikuguswa.

Nimechagua vizuri. Najua.
Lakini Jumamosi ya malipo nilipita tena Kisekka,
nikijifanya natafuta balbu ya taa ya nyuma.
Waya ulikuwa mtupu.
Lubyayi akanionyesha vidole vitatu, milioni tatu,
na mwelekeo walikoondokea: Entebbe,
kwenye lami tupu.

Nikanunua balbu. Sikuihitaji.