Pikipiki ya Posta

Jumamosi, ambayo kambo bado anaiita siku ya posho
ingawa kampuni iliacha kumpimia unga
kabla mimi sijaota meno,
tunashuka mjini.

Si kununua. Sikia vizuri: si kununua.
Lubumbashi ina mengi ya kufanya kwa mkono mtupu.
Kuna kioo cha duka la vitanda
ambapo Kabange hubandika pua na kuuliza
nani hulala pale usiku, na kama huyo mtu naye ana mbu.
Kuna kijana wa mbele ya duka la redio, viatu vyekundu,
anacheza peke yake saa nzima bila kuomba hata faranga,
na sisi tunasimama tukimsahihisha magoti.
Kuna aiskrimu moja, watu wanne:
huanza mdogo, humaliza kambo,
yeye hubakiwa na koni iliyolowa
na huitafuna polepole, kama mtu anayesoma barua.

Kyungu alitaka simba wa bustani ya wanyama.
Nikamwambia: simba amelala,
tulipe ili tumtazame amelala?
Hata baba yako hulala bure.

Ilikuwa Juni, baridi inauma vidole.
Kambo Ngoie alivaa makoti mawili,
la ndani lake, la nje la marehemu.
Akasimama katikati ya njia.
"Leo," akasema, "nataka picha."

Pale Posta wapiga picha wamejipanga kama wauza mkaa.
Huyu ana maua ya plastiki.
Huyu ana kiti cha kifalme, miguu mitatu na tofali.
Kilufya ana pikipiki,
nyekundu, imefungwa mnyororo mtini,
haijaonja mafuta tangu Pasaka.

Sote tulikwisha kukielekea kiti.
Mimi nilikuwa nakipangusa vumbi.
Kambo akapita kiti, akapita maua,
akanikabidhi mkoba,
akakunja kitenge,
akapanda.
Miaka sabini na tisa, jamani,
akapanda kama anayeingia kitandani kwake.

"Miwani."
Kilufya akavua yake, akampa.
"Washa."
"Mama, haina mafuta."
"Nimekuuliza mafuta?"

Akashika usukani, akainama,
akatoa mlio kwa mdomo,
kwa kifua kile kile kilichokohoa
moshi wa kiwanda wa miaka yote ile,
gia ya kwanza,
ya pili,
na mapacha wakaanza kukimbia papo hapo, kandokando yake,
wakimlilia apunguze mwendo.
Polisi wa barabarani akageuka.
Akapuliza filimbi,
akainua mkono, akasimamisha teksi mbili na lori la saruji
ili mama apite.

Nilimwona akikata kona ambayo haikuwepo.

Aliposhuka hakusema ametoka wapi.
Aliomba maji tu.
Bei ilikuwa elfu tatu; Kilufya akapokea mbili,
elfu moja, alisema, ni ya mafuta,
na mafuta mama kaja nayo.

Usiku mtaani kwetu Kenya umeme ulikuwa umekwenda zake.
Tukaimulika picha kwa tochi ya simu,
vichwa vyote vimegusana juu ya sinia la bukari.
Posta imenyooka, dirisha kwa dirisha.
Mti umetulia. Mnyororo unaonekana, hata kufuli yake.
Kambo peke yake ametikisika:
ukungu wa makoti mawili,
umevaa miwani.

Nikasema, imeharibika hii,
Jumatatu nairudisha, atupige nyingine.
Akaninyang'anya.
"Ulitaka nionekane nimesimama?"

Kesho yake, siku ya Mungu,
alifika kanisani kabla ya kengele.
Hatukumuuliza alipanda nini.