Mkalia Ini

Nyonda mkalia ini: hivyo huitwa kipenzi.
Mgeni wa baba yangu alilikalia kweli,
miaka arobaini na sita, bila hodi, bila kodi.

Walipangwa foleni, watoto waliokojoa damu.
Dawa ya kichocho, sindano ya kioo,
ikachemshwa kidogo, ikapita mkono hadi mkono.
Nesi alikuwa mpole, aliwapa peremende.
Baba anakumbuka peremende tu.

Mimi ni mtu wa maabara, Mansura, ghorofa ya pili.
Hukata vinyama vya maini, vyembamba kuliko ganda la kitunguu,
nikavitia rangi. Sikutarajia kwenye kibandiko
jina lile: Mitwalli Abduljalil.

Nikainamia darubini, nikaona yowe.
Ndiyo, yowe lina umbo.
Seli iliyoingiliwa hupaza protini yake,
jirani akasikia, akakomea madirisha, naye akapiga yowe;
kutoka kwenye damu wakaja walinzi, vidoa vya zambarau,
wakasongamana mlangoni
kuzima moto, mienge mikononi.

Usiku wa kwanza, huo ni ushujaa.
Usiku wa elfu kumi na sita ni nini?
Walinzi wamechoka, wanasinzia wima,
na kamba ya kengele bado wameishika.

Baba alikuwa mfumaji huko Mahalla, mtambo namba tisa,
pamba mapafuni, masikio yamekufa ganzi.
Kumbe na ndani yake zamu haikuisha:
uzi juu ya uzi, buluu kwenye kioo changu,
kila jeraha likitiwa kiraka, hata pasipochanika.
Kitambaa kizuri, Mungu anisamehe.
Nilikisifu kabla sijalia.

Vidonge vya miezi mitatu vilimtimua mgeni.
Kipimo kikasema: hayupo.
Ila walinzi, nani kawaambia?
Kwenye damu yake bado nasoma mnong'ono,
tarakimu ndogo. Si sifuri.

Jana kaniuliza, kofia mkononi kama mbele ya mnyapara,
"Daktari," (mbele za watu huniita daktari)
"maini naruhusiwa?"
Pale kona ya stesheni huyakaanga kwa pilipili na kitunguu saumu.
Nikamnunulia mkate mmoja, nikamwambia muuzaji apunguze chumvi.
Akala polepole, kiganja ubavuni, upande wa kulia,
kama mtu anayesikiliza
kama chumba cha pili wameshalala.