Karatasi Mbele ya Taa

Miaka ishirini na miwili, kiwandani Kemi,
nilisimama mwisho wa mashine ya tano
nikiinua karatasi mbele ya taa,
natafuta doa, mkunjo, tundu la ncha ya sindano.
Karatasi mbovu niliigonga muhuri mwekundu.
Sikuwahi kuiomba radhi.

Halafu mashine zikazimwa.
Mimi niliyeishi na pamba masikioni
nikakesha, kwa sababu ya ukimya.

Ofisi ya ajira, kijana aitwaye Jouni
akanitandazia vijitabu kama mcheza karata:
maabara, kwa asiyeogopa damu;
tibamaungo, kwa mwenye mikono na subira;
kusafisha meno, kupima macho, kuchonga miguu ya bandia.
"Miaka arobaini na saba," akasema, akiiambia skrini.
"Kozi ya usafi wa ofisi ni miezi mitano tu."
Ya mionzi ilikuwa miaka mitatu na nusu.
Nikachukua hicho kijitabu.
Jaladani palikuwa na mkono wa mtu, mifupa mitupu,
umeinuliwa mbele ya taa.
Nikajisemea: loo, kumbe kazi ni ile ile.

Haikuwa ile ile.

Oulu, darasani, niliitwa mama kabla ya kuitwa Raija.
Fizikia ilinikalisha jikoni mpaka saa nane za usiku,
kahawa imepoa, theluji inapapasa dirisha.
Nilifeli mtihani wa kwanza.
Wa pili nikaufeli kwa alama moja, hiyo ndiyo iliyouma.
Aliyeniokoa ni Eveliina, msichana wa miaka ishirini
mwenye pete puani na kucha za kijani:
"Fikiria jiko la sauna. Ukisogea mbali mara mbili
joto halibaki nusu, linabaki robo.
Mionzi nayo ndivyo. Usiikaribie bila sababu,
na usimkaribishe nayo mtu bila sababu."
Nilicheka. Miaka yote sauna, na sikujua ni shule.

Nikajifunza kuvaa aproni ya risasi, nzito kama mtoto aliyesinzia.
Nikajifunza kumgeuza ajuza mwenye nyonga iliyovunjika
bila kumwambia pole mara nyingi mno,
kumwuliza binti, mama yake akiwa nje, kama ana mimba,
kupasha mikono joto kabla ya kumgusa mtu.
Haya hayakuwa kwenye kijitabu.

Mwaka wa tatu, Novemba, mafunzo ya hospitalini,
mlango ukafunguka akaingia Taisto,
msimamizi wetu wa zamu, yule wa sauti ya king'ora.
Sasa sauti ilikuwa imebaki kikohozi.
Akanitazama, akatazama beji yangu, akanyamaza kidogo.
"Kidevu juu," nikamwambia. "Mabega mbele.
Kifua kiguse bamba. Ndiyo, ni baridi."
Nikaenda nyuma ya kioo.
"Vuta pumzi.
Shika.
Usitikisike."
Kwa mara ya kwanza maishani alinitii.

Picha ikaja.
Pafu la kulia, juu, chini ya mtulinga,
pale nilipofundishwa kutazama mara mbili,
nikatazama mara tatu.

Hapa sina muhuri.
Kusoma picha ni kazi ya daktari wa mionzi, ghorofa ya juu;
yangu ni kuipiga iwe safi, na uso wangu
usiseme kabla yake.
Kati ya yote niliyosomea, huu uso ndio mtihani
ambao hakuna Eveliina wa kunisaidia.

Taisto alikuwa anahangaika na vifungo vya shati.
"Raija," akasema bila kuinua kichwa,
"vipi, karatasi ni nzuri?"

"Picha imetoka vizuri," nikasema.
Ilikuwa kweli, neno kwa neno.
Nikamfunga kile kifungo cha juu kilichomshinda,
mikono yangu ina joto,
na nikamsindikiza mpaka mlangoni,
hatua ambazo kazi hainidai.