Chuma Kinachosikia

Shangazi Osmunda ndiye aliyeivunja redio,
ile ya babu, iliyokufa ikitangaza bei ya pareto.
Aling'oa sumaku nyuma ya spika, akaifunga kamba ya katani,
akanikabidhi: "Nenda kachunge."
Nikaiburuza kutoka zahanati mpaka kijitoni,
mvua imekata, maji yameshachambua mchanga,
nikarudi na sumaku imeota ndevu.

"Hizo ni Liganga," alisema. "Mlima umekohoa."

Leo Julai. Loleza haionekani, imejifunika gubigubi,
nami Mbeya mjini, chumba chenye sinki la ufa,
nachanganya chumvi mbili za chuma, nadondosha amonia,
tone,
tone,
pua nimeiziba kwa mkono wa koti,
hadi maji ya rangi ya chai kavu
yanapogeuka, mara moja, masizi.
Chembe elfu nane zikipanga foleni
ndiyo kwanza zatimiza upana wa unywele.
Nazivika sukari, damu isije ikazishtukia.

Alishuka stendi akitokea Ludewa,
bahasha ya kaki chini ya kitenge.
Ini. Uvimbe kama limau.
Mengine daktari kayaandika kwa mwandiko
usiotaka kusomwa.

Nikamweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi:
ini lenye afya ni lafi, shangazi,
chuma kikipita hulila, kwenye picha likawa jeusi tii.
Uvimbe umesahau chakula cha nyumbani.
Haukigusi. Unabaki mweupe.
Ndivyo tunavyoukamata,
kwa giza lililouzunguka.

"Haya, mmeuona. Kuuchoma je?"

Hapo ndipo pagumu. Chembe sharti zifundishwe
kumwendea huyohuyo aliyekataa kula.
Zikishamfikia, tunawasha koili:
kaskazini, kusini, kaskazini, kusini,
mara laki kwa sekunde moja,
nazo zinahangaika kugeuka, zinapata moto,
nyuzi arobaini na tatu.
Seli njema hutokwa jasho. Ile nyingine huzimia.

Alicheka, akashika ubavu.
"Kwa hiyo mnafua bila nyundo.
Babu yangu alikesha na tanuri siku tatu,
hasemi na mke, haonji pombe.
Mifuo yenu iko wapi?"
Umeme.
"Ukikatika?"
Umekatika Jumanne, panya wa nne yumo ndani ya koili,
kipimajoto kikasimama thelathini na tisa,
nikabaki nimemshika mkononi gizani,
uvuguvugu tu, na moyo wake unakimbia.

Hakuuliza zamu yake ni lini.
Alitazama vizimba. "Hawa ndio wanatangulia?"
Kumi na wawili, nikasema. Halafu sungura.
Halafu vibali. Halafu
alikuwa akihesabu kwa vidole, akafika gumba,
akakunja ngumi.

Kisha akaomba sumaku. Akaisogeza kwenye chupa.
Wino ule mzito ukainuka, ukasimamisha miiba
kama nungunungu aliyesikia mbwa.
"Kinasikia," alinong'ona.
Akajigonga chini ya mbavu, mara mbili, taratibu,
kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mwenye kiburi.

Asubuhi, kabla ya basi la Dar na foleni za huko,
alitoa mfuko wa maandazi, mdomo umefungwa fundo mbili.
Mchanga mweusi. Kilo nzima.
"Nimeuchunga mwenyewe, wiki mbili. Msije mkaishiwa."

Sikumwambia kwamba chuma chetu huja kwa ndege,
chupa ina lakiri, na risiti yake inazidi mshahara wangu.
Niliupokea kwa mikono miwili.

Upo rafuni, kando ya daftari la vipimo.
Panya wa tano: arobaini na tatu, dakika ishirini.
Nimeandika kwa wino, nikapiga mstari.
Nikipita na sumaku mfukoni
mfuko unachakarisha kidogo,
unageukia upande wangu.
Simu bado haijaita.