Mstari wa Jina la Mjenzi

Ndege ya Lushinge naijua kwa karatasi.
Nimetoa nakala ya kila ubavu, kila skrubu,
shilingi mia ukurasa, mia tano wenye rangi,
hapa Nyakato, kibandani, kati ya fundi wa pancha
na mama anayepima dagaa kwa kopo.

Kiwiliwili kilizaliwa Kisumu, uani kwa Ogweno.
Miaka saba alikipinda, akakitia gundi, akakipiga msasa,
akakiandika mkiani herufi za Kenya
kabla hakijaota hata bawa.
Kisha kifua kikamshika.
Awino, mjane wake, akapiga simu:
"Njoo ukichukue. Kuku wameanza kutagia ndani."

Kikapita Sirari juu ya lori la vitunguu.
Watu wa forodha wakakizunguka mara tatu.
Gari? Hapana. Mashua? Hapana.
Vipuri? Vya nini?
Wakaandika: samani.
Lushinge akalipa ushuru wa samani bila kubisha,
na ndiyo maana mpaka leo, kwenye daftari moja la serikali,
ndege yetu ni kabati.

Injini ilipitia Entebbe,
muhuri wake umemwagikiwa chai.
Mwanza hawautaki muhuri wenye chai.
Entebbe hawagongi mwingine kwa mali iliyosajiliwa Kenya.
Kenya hawafuti mpaka Tanzania waandike watapokea.
Tanzania hawapokei kisichofutwa.
Mimi kazi yangu nakala tu, na biashara ni biashara,
ila kuna siku nilimtolea bure:
alisimama mlangoni, mvua ya ziwani mgongoni,
bahasha kaificha ndani ya shati,
akaniuliza hati ya kiapo inaandikwaje
kwa niaba ya mtu aliyekwisha kufa.

Mkaguzi akaja toka Dar, Bi. Mwanahija,
raba miguuni, tochi mdomoni.
Akataka mizani tatu. Uwanja mzima haukuwa nazo.
Tukaazima kiwandani zile za minofu ya sangara,
kila gurudumu na yake,
magamba yakimetameta chini ya tairi.
Kilo mia mbili themanini na nne,
ukiacha harufu.
Majalada niliyapima mwenyewe, pembeni, walipokuwa wanakunywa maji:
kilo kumi na tisa.

Kisha akafungua fomu.
Mstari mmoja, mfupi: Jina la mjenzi.
Na sharti: awe amejenga zaidi ya nusu kwa mikono yake.
Lushinge akahesabu. Mbawa. Usukani. Nyaya. Tangi.
Akahesabu tena kwa vidole vilivyoliwa na gundi.
Arobaini na sita kwa mia.
"Sema hamsini na moja," nikamnong'oneza. "Nani atajua?"
Akasema: "Ogweno."

Bi. Mwanahija akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.
Akaniomba kalamu yenye ncha nyembamba.
Majina mawili akayabananisha kwenye mstari ule mmoja,
la marehemu likatangulia.
"Nimesoma fomu hii mwaka wa kumi na mbili," akasema.
"Hakuna mahali imekataza."

Bahasha iliondoka Jumanne. Dar watasema nini, sijui.
Lushinge amezipiga msasa herufi za Kenya, akapaka nyeupe,
lakini jua likilala upande wa Bwiru zinarudi,
kama wino wa ukurasa wa pili
unapoinua karatasi dirishani.
Rangi ya pili anayo, kopo zima. Hajalifungua.

Kuku wa jirani ameanza kuichungulia ndege.
Nimemfukuza.