Alama za Kuuliza

Mjomba Stamen hachapi kadi za harusi.
Huchapa matangazo ya marehemu, yale ya ukingo mweusi
ambayo hapa Plovdiv hubandikwa milangoni, vituoni, kwenye nguzo za taa:
siku arubaini, nusu mwaka, mwaka,
miaka ishirini, kama bado yupo wa kununua gundi.

Mashine yake ni ya Windows, kongwe, feni imejaa unga wa karatasi.
Kioo chake kimekufa tangu juzi; yenyewe yanguruma tu gizani.
Yangu ni ya Linux, ya mtumba, ina kibandiko cha tikitimaji.
Kati yao waya wa buluu, umepita nyuma ya friji.

Leo mjomba yuko hospitali, goti lapasuliwa,
na Bi Tsvetana amekalia kiti cha wateja, mkoba mapajani.
"Mwaka wa Zhelyazko watimia Jumapili.
Picha mnayo. Ile anayocheka."

Napiga hodi.
Mashine kwanza hutafutana lahaja:
Waijua ya kale? Nimekatazwa kuisema.
Ya pili? Kidogo.
Ya tatu? Haya, hiyo, sema.
Naomba kuingia kama mgeni.
Zamani mgeni alipita bila kuulizwa atokako;
tangu masasisho ya Machi, mgeni hana mlango.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Hiyo hawakuitia kiwandani.

Najaribu nywila: jina la paka.
Jina la paka aliyemtangulia.
Nampigia mjomba. Muuguzi anamshikia simu,
naye, ulimi mzito kwa ganzi, ananitajia herufi mojamoja
jina la mwanamke nisiyemjua,
kisha 1974.
Sikuuliza.

Folda ikafunguka, na ndani:

??????? ???????
????? ??????????
?????

Herufi zetu zimevuka waya, zikavuliwa nguo mpakani.
Wafu mia nne wa mtaa huu, maswali mia nne,
na kosa ni langu: sikuiambia mashine yangu
itarajie alfabeti ya nani.

Nikaing'oa folda, nikaiambatisha upya
na neno moja la ziada mwisho wa amri.
Wakarudi. Penka. Dimo. Yule Ventsislav wa baiskeli.
Nikaandika zhelyazko, harakaharaka, kwa herufi ndogo.
Hayupo, ikasema.
Kwa mjomba, herufi kubwa na ndogo ni mtu yuleyule;
kwangu mimi marehemu huitwa kwa heshima, au haitiki.
Nikamwita tena: Zhelyazko.
Akaja anacheka, meno yote, shati la mistari.

"Umempata?"
"Nimempata, bibi, ila siwezi kumbadili.
Hapa naruhusiwa kumsoma tu."
Bi Tsvetana akafungua mkoba, akaufunga.
"Hata mimi," akasema. "Miaka thelathini na tisa."

Basi nikachukua nakala, nikaileta upande wangu wa waya,
nikafuta *nusu*, nikaacha *mwaka*.
Printa ikakohoa mara mbili, kisha ikakubali.
Karatasi kumi na mbili, zingali na joto.
Akazihesabu kwa kidole alicholowesha ulimini,
akamtazama wa juu kabisa kwa muda,
akauliza kama gundi imo kwenye bei.